Kujaza na Kuficha

Kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu huanza kuchakaa siku ile ile kitokapo mkononi. Nyumba hupata nyufa, jahazi huvuja, nguo hutoboka, na motokaa hupata mabonde na kutu. Binadamu hakuridhika kamwe na hukumu hii. Penye ufa hutia chokaa, penye tundu hutia kiraka, na penye kuvuja hutia kalafati. Sanaa ya kujaza palipopungua ni kongwe kama sanaa ya kuunda, na yamkini yataka busara zaidi, kwa sababu mwenye kuunda huanza na kitu kisicho na jana, ilhali mwenye kutengeneza huanza na kitu chenye historia.

Katika sanaa hizo iko moja ambayo hutajwa kwa kebehi mara nyingi kuliko kwa heshima. Nayo ni kazi ya puti katika bodi ya gari la kale. Mafundi wengine huiita fila, lakini kitu ni kile kile. Fundi anayejaribu kulirudisha gari la miaka 60 iliyopita katika ujana wake hufika siku moja mahali ambapo nyundo imefanya yote iliyoweza, na bamba bado halijawa laini. Hapo hufungua kopo, huchota uji mzito wa kijivu, huuchanganya na dawa ya kugandisha, hupaka, hungoja, husugua. Na bonde lililokuwa likionekana hutoweka. Wapenzi wa magari ya kale hugawanyika mbele ya kopo hilo. Baadhi husema ni msaada. Wengine husema ni uongo uliopakwa rangi. Ugomvi huu waonekana mdogo, lakini ndani yake mna swali kubwa: ni wakati gani kujaza ni kutengeneza, na ni wakati gani kujaza ni kuficha?

Kabla ya puti ilikuwako risasi. Magari yalipoanza kuundwa kwa mabamba ya chuma, viwanda vilikuwa na mahali pengi ambapo mabamba mawili yalikutana, mathalani pale mguu wa paa unapokaa juu ya ubavu wa gari. Mshono wa namna hiyo haukuweza kuachwa wazi, maana ungeharibu umbo. Mafundi wa viwandani waliupaka bati kwanza, kisha wakayeyusha juu yake mchanganyiko wa risasi na bati, aghalabu sehemu 70 za risasi kwa sehemu 30 za bati. Mchanganyiko huo una tabia ya ajabu. Huanza kulainika katika joto la digrii 183 za Selisiasi, lakini hauwi majimaji kabisa mpaka joto lipite digrii 250. Kati ya mipaka hiyo miwili huwa kama siagi, na fundi huweza kuusukuma kwa mwiko wa mti mgumu uliopakwa nta au shahamu ili usinate. Ukipoa hukatwa kwa tupa mpaka ulingane na bamba. Kwa hiyo gari lililotoka kiwandani likiwa jipya, ambalo mnunuzi aliliona kuwa ni bamba moja tangu chini hadi juu, aghalabu lilikuwa limekwisha kujazwa. Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1961 na kusifiwa pote kwa uzuri wa umbo lake, ilitoka kiwandani na mishono iliyofunikwa kwa risasi. Adaiye kwamba gari la kale lilizaliwa bila ya kijazo chochote hulisifu kwa sifa ambayo halikuwa nayo hata siku ya kuzaliwa.

Lakini risasi ni sumu. Vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa chakula kilicholiwa kwa mikono isiyonawiwa. Hudhuru damu, figo na ubongo, na watoto ndio wadhurikao kuliko wote. Kadhalika kazi ya risasi hutaka moto juu ya bamba jembamba, na mkono wa fundi aliyejifunza kwa miaka. Mwaka 1955, katika mji wa Miami huko Marekani, Robert Merton Spink, mtu aliyekuwa na gereji, alibuni kijazo kingine kilichouzwa kwa jina la Bondo, na jina hilo likaenea hata Wamarekani wengi huliita hivyo kopo lolote la puti. Puti ya namna hii ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga wa talki, jiwe laini ambalo kwa miaka mingi lilisagwa pia kufanya poda ya watoto. Utomvu peke yake hukaa katika kopo miezi mingi bila ya kuganda. Kinachouamsha ni dawa ya pili, nyekundu au buluu, ambayo kipimo chake ni sehemu 2 hivi katika 100 kwa uzito. Rangi ya dawa hiyo si pambo: fundi huchanganya mpaka mistari yote ya rangi imepotea, ndipo ajue kuwa dawa imefika kila mahali. Ikiwa chache, puti hubaki teketeke milele. Ikizidi, huweza kupenya baadaye katika rangi ya juu na kuacha doa. Baada ya kuchanganya, fundi ana dakika nne au tano tu, na katika joto la pwani pungufu ya hizo. Kazi ambayo risasi ilitaka iwe ya mkono wa bingwa ikawa kazi ambayo kila mwenye kopo na kibanzi aweza kuijaribu.

Hapo ndipo heri na shari za puti zilipozaliwa pamoja. Kila kinachorahisisha wema hurahisisha na ubaya.

Watu wasioijua kazi hii hudhani kuwa puti ni mwanzo wake. Kwa kweli puti ni mwisho. Kazi ya kwanza ni ya nyundo na fuawe. Fundi hushika fuawe ndogo ya mkononi, yenye mviringo unaolingana na umbo la gari, akaiweka nyuma ya bamba; kisha hugonga kutoka mbele, polepole, kama mtu abishaye hodi katika nyumba ya mgonjwa. Bamba la gari la zamani lina unene wa milimita 1 au pungufu kidogo. Likigongwa na kitu haliwi limejikunja tu, bali limetanuka pia. Na chuma kilichotanuka hakina pa kukaa, hivyo huvimba na kubonyea kwa zamu kama kifuniko cha debe. Tiba yake ni moto. Doa dogo hupashwa mpaka liwe jekundu, hugongwa kidogo, kisha hupozwa kwa kitambaa chenye maji, nalo likajikusanya. Eneo lisilozidi viganja viwili huweza kula siku nzima. Ni hapa uvivu unapopata mwanya, kwa kuwa kazi ya siku nzima ya nyundo yaweza kufichwa na robo saa ya puti.

Nyundo ikiisha kusema neno lake, bamba hukwaruzwa kwa msasa mkali ili puti ipate pa kushika. Hupakwa kwa tabaka jembamba, likasukumwa kwa nguvu lisibaki na hewa ndani. Kabla halijawa gumu kabisa hukwanguliwa kwa tupa yenye meno kama ya mbuzi ya nazi. Kisha hufuata msasa, kwanza wa namba 80, halafu 180, halafu 320, ukiwa umefungwa katika ubao mrefu, maana vidole peke yao hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Fundi mzuri hunyunyiza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya kazi yake na kusugua tena. Palipobaki na weusi ni bonde. Palipong'aa mapema ni kilima. Mwisho hufumba macho na kupitisha kiganja, mara nyingi juu ya kitambaa chembamba, tangu bamba zima hadi bamba lililojazwa na kurudi. Jicho huweza kudanganywa na ukijivu wa puti. Kiganja ni shahidi mgumu kuhongwa. Asiyemwamini shahidi huyo huhukumiwa baadaye na rangi yenyewe, kwa kuwa rangi inayong'aa ni kioo, na kioo hakisitiri wimbi hata liwe dogo kiasi gani.

Puti ina mipaka yake, na mipaka hiyo si ya adabu tu bali ya maumbile. Tabaka lililo salama halizidi sana milimita 3. Puti hutanuka kwa joto kuliko chuma kilicho chini yake. Ikiwa nene, kila jua la mchana na kila umande wa usiku huwa mvutano kati ya vitu viwili visivyokwenda mwendo mmoja, mpaka ufa utokee. Aidha puti hunywa maji. Ndiyo sababu haisuguliwi kwa maji kabla haijafunikwa, na ndiyo sababu haifai kuziba tundu. Mahali ambapo kutu imekula bamba likatoboka, maji huja kutoka nyuma, ambako hakuna rangi wala jicho. Puti iliyozibwa hapo hukaa kama sifongo ubavuni mwa chuma. Inang'aa mbele, na nyuma yake kutu yaendelea na chakula chake kwa utulivu, sasa ikiwa na maji ya kutosha na hakuna wa kuibughudhi. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hapana shaka hawakuwa wakifikiri habari za magari, lakini hakuna fundi bodi asiyeijua maana ya maneno hayo.

Mfano wa mambo haya waweza kupatikana katika mji wowote wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako upepo wa bahari huleta chumvi mlangoni mwa kila mtu. Katika miji hiyo liko gari moja ambalo wazee wengi hulikumbuka kwa mapenzi, nalo ni Peugeot 404. Lilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Lilishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na katika mbio za 1963 na za 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, kwa ajili ya tope na mvua. Gari kama hilo halikuwa chombo cha safari tu. Karani au mwalimu aliyelipata alikuwa amewaambia majirani, pasipo kufungua kinywa, kwamba amefika.

Hebu afikiriwe kijana wa mji kama Tanga aliyerithi 404 ya baba yake. Marehemu alikuwa karani, na katika maisha yake yote alikuwa akisema kuwa gari lake halijapata kuguswa. Neno hilo lilikuwa kama sehemu ya wasia. Dada yake kijana anaolewa baada ya wiki sita, na nia ni gari hilo limpeleke bibi arusi; kisha ami yao amempata mnunuzi kutoka bara aliyeahidi bei nzuri iwapo litang'aa, na fedha zitagawanywa kwa warithi. Kijana analipeleka kwa fundi mzee. Fundi hatii neno. Anatoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa, anaitembeza juu ya bamba. Juu ya paa inashika. Juu ya mlango inashika. Juu ya bawa la mbele la kushoto inateleza na kuanguka. Chini ya mlango, juu ya kizingiti, inaanguka tena.

"Mzee, labda sumaku imechoka," asema kijana.

"Sumaku haichoki, mwanangu," ajibu fundi. "Hapa hamna chuma cha kuishika."

Patasi yatoa puti nene kama kidole. Katika bawa, chini ya puti, chaonekana chuma kilichokunjamana, na pembeni rangi ya asili ya gari, ambayo si ile iliyo juu. Gari ambalo halikupata kuguswa liligongwa tena kwa nguvu. Kijana hasemi kitu mpaka jioni, anapomwuliza mama yake. Mama anakaa kimya kwa muda, kisha anasema: "Ni kweli, mwanangu. Alikuwa bado analilipia. Hakutaka wenye deni wajue kuwa limevunjika. Alipoanza kusema halikuguswa, alikuwa akiwaambia wao. Baadaye akazoea."

Ni maneno machache, nayo yaeleza jambo ambalo vitabu vizima hujaribu kulieleza. Uongo mwingi wa watu wema huanza kwa njia hii. Haukukusudiwa kudumu, ulikusudiwa kuvusha mwezi mmoja mgumu. Lakini puti ikiisha kukauka na kupakwa rangi, nani atarudi kuifumua kwa hiari yake?

Kizingiti ni habari nyingine. Peugeot 404 haina chasisi ya pekee chini yake; bodi yenyewe ndiyo mifupa, na kizingiti cha chini ya mlango ni mfupa unaounganisha mbele na nyuma. Ndani yake fundi akuta wavu wa waya na magazeti yaliyoshindiliwa, yote yakiwa yamefunikwa kwa puti na rangi kwa ustadi ambao ungestahili kazi bora zaidi. Chuma kilikuwa kimekwisha kuwa ungaunga wa kahawia. Gari lililofanywa hivyo huonekana zima likiwa limesimama. Siku ligongwapo, hukunjika mahali pa abiria. Fundi asema kuwa bawa laweza kungoja, lakini kizingiti hapana budi kikatwe chote na kuunganishwa chuma kipya kwa moto, na kazi hiyo haiwezi kwisha kabla ya harusi. Ami aja kuuliza kwa nini mambo yacheleweshwe. Watia puti mpya juu ya ile ya zamani na gari litang'aa. Mnunuzi gani atapiga magoti kutazama chini ya mlango?

"Bwana mkubwa," asema fundi, "mnunuzi hatatazama. Lakini atapanda."

Neno hilo ndilo mizani ya sura hii yote. Mfichaji humfikiria mtu anayetazama. Mtengenezaji humfikiria mtu anayepanda. Wa kwanza huuliza kama kosa litaonekana, wa pili huuliza kama kosa lipo. Kijana akubali chuma kikatwe. Bibi arusi apelekwa kwa gari la kukodi, na watu wasema yao. Bawa la kushoto lagongwa kwa nyundo siku tatu, na juu yake lapakwa puti nyembamba, pungufu ya milimita 2, kwa kuwa chuma kilichotanuka vile hakirudi kuwa kioo. Picha zapigwa kila hatua, zikiwemo zile za magazeti na waya. Mnunuzi aonyeshwa zote kabla ya kutoa fedha, na bei yapungua. Ami hakufurahi, na hakuna awezaye kusema kuwa kukasirika kwake hakukuwa na sababu, maana fedha zilizopungua zilikuwa fedha za watu wenye haja. Ukweli nao una gharama, na si haki kuusifu kana kwamba hutolewa bure.

Wako wapenzi wa magari ya kale ambao, kwa kuchukizwa na visa vya namna hii, wameapa kutoigusa puti kabisa. Hutaka risasi tu, au chuma kitupu kilichonyooshwa mpaka kisihitaji kijazo. Kiapo hicho kina heshima yake, kwa kuwa humlazimisha fundi kumaliza kazi ya nyundo. Lakini ni kosa kudhani kuwa ukweli umo katika risasi na uongo umo katika puti. Risasi huweza kurundikwa juu ya bamba bovu kama puti irundikwavyo, na dawa ya kulehemu isiposafishwa huleta kutu na malengelenge chini ya rangi nzuri. Hata sumaku si hakimu wa mwisho: haina la kusema juu ya Land Rover, ambayo mabamba yake mengi ya nje ni ya alumini. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya mkononi visomavyo unene wa rangi kwa mikroni. Rangi ya kiwandani aghalabu haifiki mikroni 200, na puti husomeka kwa maelfu. Lakini kipimo chaeleza unene tu. Hakielezi ikiwa kilicho chini ni kizima au kimeoza, wala ikiwa muuzaji alisema au alinyamaza.

Swali hili halikuanza na magari. Katika karne ya 19 mwandishi wa Kiingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za ujenzi, alishikilia kuwa kurudisha jengo la kale katika upya wake ni namna ya kuliangamiza. Mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice waliandika mkataba uliolainisha ukali huo bila ya kuutupa. Walikubali kuwa palipopotea paweza kujazwa, ila kijazo kipatane na kitu kizima na wakati huo huo kiweze kutambulikana na asili. Na kazi ya kurudisha ikome pale ambapo kukisia kunaanza. Huko Roma mafundi wa picha walikuwa wamekwisha kupata njia ya kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Mahali ambapo rangi ya picha ya kale imebanduka, hujaza kwa mistari myembamba iliyosimama, iliyo karibu karibu. Mtu aliye mbali huona picha nzima. Asogeaye karibu huona mistari na kujua kuwa hapa pamejazwa. Mwaka 2012 chama cha kimataifa cha magari ya kale, FIVA, kilipitisha mkataba wake, unaojulikana kwa jina la Turin, ukifuata roho ya ule wa Venice. Tena yako magari ambayo wenyewe wameona afadhali yasiguswe. Bugatti moja ya mwaka 1925, iliyotolewa mwaka 2009 katika kina cha Ziwa Maggiore baada ya kulala humo zaidi ya miaka 70, iliuzwa Paris mwaka 2010, na aliyeinunua hakuipaka puti wala rangi. Aliiweka makumbushoni pamoja na kutu yake, ikisimulia habari za maji.

Wasomi wa maandiko ya kale ya Kiswahili hawana haja ya kwenda Roma ili kulielewa jambo hili. Mhariri wa utenzi uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu hukuta karatasi iliyoliwa na mchwa, na neno moja limekwenda na mchwa. Kanuni humsaidia. Kila kipande kina mizani nane, na kina cha mwisho hurudi katika kila ubeti; basi mara nyingi lililopotea laweza kukisiwa kwa mizani na vina, kama fundi akisiavyo mviringo wa bawa la kushoto kwa kulipima la kulia. Mhariri mwaminifu hujaza, kisha hutia mabano. Mhariri asiye mwaminifu hujaza akanyamaza, na kizazi kijacho humnukuu mhariri kikidhani chamnukuu mtunzi. Mabano yale madogo ni sawa na picha za kijana wa Tanga. Hayauharibu ubeti, humwambia msomaji mahali pa kukanyaga kwa uangalifu.

Mafundi wa majahazi nao walikuwa na hekima hiyo zamani. Katikati ya mbao na mbao walishindilia pamba iliyolowa mafuta, na chini ya jahazi walipaka deheni ya shahamu na chokaa. Hakuna baharia aliyelalamika kuwa jahazi lake limejazwa, kwa sababu kila baharia alijua, na kila msimu kazi ilifanywa upya mchana, ufuoni, mbele za watu. Lakini hakuna fundi aliyetia kalafati katika ubao uliooza. Kalafati hukaa kati ya mbao mbili nzima. Haikuombwa kuwa ubao.

Basi puti haina dhambi wala thawabu. Hukumu yake imo katika mambo matatu. La kwanza ni kilicho chini: ikiwa juu ya chuma kizima ni msaada, ikiwa juu ya tundu ni kaburi lililopakwa chokaa. La pili ni unene: puti nyembamba humaliza kazi ya nyundo, nene huchukua mahali pake. La tatu ni ulimi wa mwenye mali: kilichojazwa na kusemwa kimetengenezwa, kilichojazwa na kunyamaziwa kimefichwa. Haya yote mtu aweza kuyatimiza bila ya kuwa fundi, katika daftari la hesabu, katika tafsiri ya kitabu, katika sifa za marehemu. Wahenga walionya kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Hawakusema kuwa kila kinachoonekana kuziba kimeziba. Wakati hupita juu ya kila bamba, kwa jua na kwa mvua. Hausomi rangi, husoma kilicho chini yake.